Hodi kwenye Mlango wa Seli

Chukua damu yote ya mtu mzima, utoe sukari yote iliyoyeyuka humo, uiweke kwenye mizani. Utapata gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Sukari hiyo ndogo ndiyo inayozunguka mwilini usiku na mchana, na ubongo wako unaitegemea kila dakika. Ikipungua sana, mtu hutetemeka, huchanganyikiwa, na mwisho huanguka.

Sasa umekata kona kichochoroni, ukakutana uso kwa uso na mbwa asiyekujua. Kabla hujawaza lolote miguu imeshatimka. Moyo unadunda, pumzi zinapanda, na misuli inadai chakula. Tena inakidai papo hapo, si mpaka ugali wa mchana usagike tumboni. Kijiko kimoja cha sukari kitaifikisha wapi?

Bahati nzuri ini linayo akiba. Kwa mtu aliyekula akashiba, ini huweza kuwa na gramu 100 za sukari, ila hazikai humo kama sukari ya kwenye kopo. Molekuli zake zimeungwa moja kwa nyingine zikawa minyororo mirefu yenye matawi, na minyororo hiyo huitwa glaikojeni. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Ukishtuka, tezi hizo humwaga kemikali iitwayo adrenalini kwenye damu. Adrenalini ikifika kwenye ini, minyororo inaanza kukatwa na sukari inamiminika kwenye damu, nawe unaruka uzio ambao siku nyingine usingethubutu hata kuuegemea.

Hadi hapo hakuna jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walikwisha kujua kwamba ukimdunga mnyama adrenalini, sukari katika damu yake hupanda. Kilichowashinda ni swali ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliuliza: adrenalini inaliambiaje ini? Yenyewe haikati mnyororo wowote. Ni chembe ndogo tu ya kemikali iliyosafiri kutoka juu ya figo. Ikishafika, inafanya nini hasa?

Maswali mepesi ya namna hii ndiyo yanayokula miaka ya watu. Aliyelijibu hili alikuwa mtoto wa mwenye duka.

Jina lake ni Earl Sutherland. Alizaliwa mwaka 1915 huko Burlingame, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, akiwa wa tano kati ya watoto sita. Baba yake aliwahi kulima, kisha akafungua duka la vitambaa na nguo, na watoto wote walitumikia dukani humo. Earl alipenda sana kuvua samaki, na mapenzi hayo hayakumtoka hata ukubwani. Alipofikia umri wa kwenda chuo, miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Akasoma Washburn College, mjini Topeka, kwa ufadhili pamoja na ujira wa uhudumu wa hospitali. Mchana vitabu, usiku wagonjwa. Alihitimu mwaka 1937, akaenda St. Louis kusomea udaktari katika Washington University, na mwaka 1942 akawa daktari.

Chuoni hapo palikuwa na maabara iliyoongozwa na mume na mke, Carl na Gerty Cori, wazaliwa wa Prague waliohamia Marekani mwaka 1922. Hao ndio waliokigundua kimeng'enya kinachoikata glaikojeni, kiitwacho fosforilesi. Vimeng'enya, kama mlivyofundishwa, ni protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini. Bila hivyo mlo mmoja ungechukua miaka kusagika. Mwaka 1947 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kuipata katika fani ya tiba. Mumewe alikuwa ameingia chuoni humo kama profesa mwaka 1931. Gerty, aliyefanya naye kazi ileile kwenye meza ileile, hakufanywa profesa kamili mpaka mwaka huohuo wa Nobel. Jambo hilo liko pembeni ya hadithi yetu, lakini wasichana mnaosoma hapa nataka mlijue.

Sutherland alianza kazi kwa akina Cori akiwa bado mwanafunzi. Vita Kuu ya Pili ikamwondoa. Alipelekwa Ulaya kuwa daktari wa kikosi cha jeshi, na aliporudi alikuwa njia panda, hajui kama aende kutibu wagonjwa au arudi maabara. Mfano wa Carl Cori ukamvuta, akarudi maabara.

Kazi yake ya mwanzo iliyompa jina ilitokana na uchafu. Insulini iliyouzwa siku zile ilitengenezwa kutokana na kongosho za wanyama, na kila mtu anajua kazi ya insulini ni kushusha sukari kwenye damu. Lakini baadhi ya insulini hiyo, ikidungwa, kwanza iliipandisha sukari, ndipo ikaishusha. Sutherland na Mbelgiji mmoja, Christian de Duve, wakaonyesha mwaka 1948 kwamba ndani yake mlikuwa na kitu kingine kabisa, nacho pia chatoka kwenye kongosho. Kitu hicho leo tunakiita glukagoni. Basi sasa Sutherland alikuwa na homoni mbili, yaani kemikali zinazopeleka amri mwilini kupitia damu: adrenalini na glukagoni, zenye sura tofauti kabisa na zatokazo sehemu tofauti, lakini zikifika kwenye ini zote zinatoa amri moja: achia sukari.

Hapo tutulie kidogo, maana namna alivyolichagua swali lake inanivutia kuliko hata jibu lenyewe. Homoni zilikuwa fumbo kubwa la tiba. Baadhi hufanya kazi kwa miezi, kama zile zinazomrefusha kijana, na ukitaka kuzichunguza utazeeka ukisubiri. Sutherland akachagua tukio la haraka, kubwa, linalojirudia vilevile kila unapolijaribu. Ukiweka vipande vyembamba vya ini kwenye chombo, ukadondoshea adrenalini, baada ya dakika chache sukari inatoka. Kesho ukirudia, inatoka tena. Hakuchagua tukio hilo kwa kuwa lina sifa kuliko mengine. Alilichagua kwa kuwa linapimika.

Kutoka glaikojeni hadi sukari ya kwenye damu kuna hatua tatu, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Akauliza: ipi inayochelewesha nyingine? Akapima moja baada ya moja, akakuta ni ile ya kwanza, ya fosforilesi ya akina Cori. Na adrenalini ilikuwa ikiiharakisha hatua hiyohiyo. Swali likapungua ukubwa. Badala ya kuuliza adrenalini inaliambiaje ini zima, sasa aliuliza inakifanya nini kimeng'enya kimoja.

Mwaka 1953 alihamia Cleveland, jimbo la Ohio, akawa mkuu wa idara ya famakolojia, yaani elimu ya dawa, katika Western Reserve University. Huko yeye na wenzake wakagundua kwamba fosforilesi ina hali mbili, ya kulala na ya kuamka. Kinachoiamsha ni kipande kidogo cha fosfeti. Kikibandikwa juu yake, inaanza kukata. Kikibanduliwa, inatulia. Na si kwamba fosfeti hujibandika yenyewe, kipo kimeng'enya kingine kinachofanya kazi ya kuibandika. Wakati uleule, mbali sana huko Seattle, Edwin Krebs na Edmond Fischer waliona jambo hilohilo kwenye misuli, na kwa kazi hiyo walipewa Nobel mwaka 1992.

Basi nani anayemwambia mbandikaji aanze kubandika? Huko kwenye seli nzima usingeweza kujua, kwa kuwa humo mna maelfu ya protini zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Ingebidi seli ivunjwe. Lakini wataalamu wengi wa enzi hizo waliamini kwamba ukivunja seli umevunja na kazi ya homoni. Si kwamba hawakujaribu. Walikuwa wamesaga tishu za kila aina, wakamimina homoni, wasione kitu. Wakahitimisha kwamba homoni inahitaji seli hai na nzima, na ukisaga ini unabaki na nyama ya kusaga tu.

Sutherland na mwenzake Theodore Rall wakalisaga ini. Tofauti ni kwamba wao walijua wanachokitafuta. Hawakuwa wakisubiri sukari itoke. Walikuwa wakiitazama fosforilesi, kama imelala au imeamka. Tena walihakikisha lile rojo lina ATP, kemikali ambayo seli hutumia kwa nguvu zake na ndimo fosfeti inamotoka, pamoja na magnesi kidogo. Wakadondoshea adrenalini.

Fosforilesi ikaamka.

Seli zilikuwa zimeshavunjwa, hakuna hata moja iliyosalia nzima, na bado homoni ilisikika. Kwa maoni yangu hilo peke yake lingetosha kumweka mtu kwenye vitabu, lakini jaribio lililofuata ndilo tamu zaidi, na ukilifuata hatua kwa hatua utaona hakuna uchawi wowote.

Walitia rojo kwenye mashine inayozungusha chupa kwa kasi kubwa. Vitu vizito vikazama chini vikawa masimbi, juu yakabaki maji. Fosforilesi na kile kimeng'enya cha kubandika vilikuwa kwenye maji ya juu. Wakadondoshea adrenalini humo, kimya. Wakayarudisha masimbi, adrenalini ikafanya kazi tena. Kumbe adrenalini haizungumzi na fosforilesi hata kidogo. Inazungumza na kitu kilichomo kwenye yale masimbi, na ndani ya masimbi hayo, kama ilivyokuja kufahamika, mlikuwa na vipande vya utando unaoizunguka seli.

Wakaenda mbele. Wakachukua masimbi peke yake, wakaweka ATP na magnesi, wakadondoshea adrenalini, wakasubiri. Kisha wakachemsha. Moto huharibu protini, ndiyo maana ute wa yai huganda ukiuchemsha, kwa hiyo kimeng'enya chochote kilichokuwemo kiliishia hapo. Wakachukua majimaji yaliyobaki baada ya kuchemsha, wakayamimina kwenye yale maji ya juu ambayo adrenalini ilishindwa kuyafanya kitu.

Fosforilesi ikaamka tena!

Angalieni maana yake. Utando ulipoguswa na adrenalini ulitengeneza kitu. Kitu hicho kilistahimili moto, hivyo hakikuwa kimeng'enya. Na kitu hicho, si adrenalini, ndicho kilichopeleka amri. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1957 na 1958.

Sisi watu wa pwani na bara tunalijua jambo hili tangu utotoni. Mgeni akija nyumbani hasukumi mlango akaingia mpaka jikoni. Anasimama nje, anapiga hodi. Mtoto aliye karibu na mlango anamsikia, anakimbia ndani kumwambia mama kuna mgeni, na mama anainjika sufuria ya chai. Mgeni hajaliona jiko wala hajamwona mama, lakini chai inapikwa. Adrenalini ni huyo mgeni. Inaishia mlangoni mwa seli, na anayekimbia ndani ni mwingine. Sutherland alimwita huyo wa ndani mjumbe wa pili, na homoni akaiita mjumbe wa kwanza.

Lakini mjumbe huyu wa pili alikuwa nani? Walijua anastahimili moto na kwamba umbo lake ni dogo. Walijua pia kwamba yumo kwa kiasi kidogo mno, kiasi kwamba kumkusanya wa kutosha kumchunguza kulikuwa kazi ya jasho. Hapo bahati ikaingia, kupitia posta.

Huko Bethesda, jimbo la Maryland, katika taasisi za taifa za afya, alikuwako mtaalamu wa vimeng'enya aitwaye Leon Heppel. Watu walimwandikia kumwomba vimeng'enya vya kukatia kemikali. Sutherland alimwandikia akimweleza kitu chake cha ajabu kilichotoka kwenye ini. Mtu mwingine, David Lipkin, mwanakemia wa Washington University huko St. Louis, naye alimwandikia. Yeye hakuwa na habari na homoni. Alikuwa amechemsha ATP pamoja na kemikali ya bariamu akapata kitu asichokitambua. Heppel akazitazama barua mbili, akaona tabia zinazoelezwa na hawa watu wawili wasiojua habari za mwenzake zafanana mno. Akawaunganisha. Ilikuwa molekuli ileile.

Inaitwa AMP ya duara, na wataalamu huandika cAMP. Iko hivi. ATP ina fosfeti tatu zilizofuatana. Kimeng'enya kilichomo kwenye utando hukata mbili, kisha ile iliyobaki hukunjwa na kufungwa sehemu mbili kwenye molekuli yake yenyewe ikafanya kijiduara. Basi. ATP imo ndani ya kila seli kwa wingi, kwa hiyo mali ghafi ya kumtengenezea mjumbe ipo muda wote. Lipkin alimpata kwa bariamu na moto, seli inamtengeneza kwa sekunde chache kwenye joto la mwili.

Kuna faida moja ya mpango huu ambayo hodi ya mgeni wetu haiwezi kuionyesha. Molekuli moja ya adrenalini ikishika mlangoni, utando hautoi cAMP moja, hutoa nyingi. Hizo zinaamsha vimeng'enya, kila kimoja kinabandika fosfeti kwenye vingine vingi, na kila fosforilesi iliyoamka inakata sukari moja baada ya nyingine bila kupumzika. Mwisho wa safari, adrenalini kidogo sana imefungulia molekuli za sukari mamilioni kwa mamilioni. Ndiyo maana tezi mbili ndogo kama zile zinaweza kuutikisa mwili mzima.

Na amri nayo lazima ikome, la sivyo ungekimbia mpaka kesho. Kwa hiyo seli ina kimeng'enya kingine kinachoifungua ile cAMP na kuiua nguvu. Mwaka 1962 Sutherland na Reginald Butcher waliandika juu ya kimeng'enya hicho, wakaonyesha kwamba kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai, hukizuia. Msinielewe vibaya: kikombe kimoja cha kahawa hakina kafeini ya kutosha kwa kazi hiyo. Kahawa hutukeshesha kwa njia nyingine.

Mngedhani baada ya hapo dunia ilimpigia makofi. Haikumpigia. Wengi walikubali kwamba cAMP ipo na kwamba huiamsha fosforilesi ya ini. Walichokataa ni hatua ya pili ya Sutherland, aliposema kwamba molekuli hiyohiyo moja yatumiwa na homoni nyingi, katika viungo vingi, kwa kazi zisizofanana. Itawezekanaje? Moyo ukipewa amri hupiga haraka. Seli ya mafuta ikipewa amri hutoa mafuta. Figo ikipewa amri huzuia maji yasipotee. Vipi mjumbe mmoja alete habari tatu?

Pingamizi lile lilikuwa na akili, nami simlaumu aliyelitoa. Jibu lake ni kwamba mjumbe habebi maelezo. Anachosema ni kimoja tu: hodi imepigwa. Kitakachofanyika baadaye kinategemea seli yenyewe ina vimeng'enya gani vya kuamshwa. Seli ya ini hukata glaikojeni ili damu ipate sukari, seli ya moyo haina kazi hiyo ya kuilisha damu. Na ni homoni ipi itakayosikilizwa hutegemea vipokezi, yaani protini zinazosikia hodi, vilivyopo kwenye utando. Figo ina kipokezi cha homoni ya maji, seli ya mafuta haina. Mwaka 1968 maabara ya Krebs ilikipata kimeng'enya ambacho cAMP hukiamsha moja kwa moja, na mtaa wote wa ndani ukaanza kueleweka.

Kabla ya hapo Sutherland alikuwa ameshaitafuta cAMP mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Yeye na Richard Makman waliikuta ndani ya bakteria, mwaka 1965. Bakteria hana ini wala figo, hana adrenalini, hana mbwa wa kumkimbia. Lakini anayo cAMP, nayo hupanda sukari inapomwishia. Yaani kiumbe cha seli moja hutumia alama hiyohiyo kujiambia kwamba sukari imekwisha, kwa hiyo atafute chakula kingine. Nasi tulio na seli matrilioni tunaitumia kuliamuru ini litoe sukari. Mimi hapa hustaajabu kila nikifikiri.

Mwaka 1963 Sutherland alihamia Vanderbilt University, Nashville, ili apunguziwe kufundisha na apate muda zaidi wa maabara. Ilipofika 1971 wabishi walikuwa wamekwisha. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka ule alipewa yeye peke yake, jambo lisilotokea mara nyingi, kwa ugunduzi wake kuhusu namna homoni zinavyofanya kazi. Mwaka 1973 akahamia University of Miami. Hakukaa. Alifariki Machi 1974, akiwa na umri wa miaka 58.

Aliacha swali moja mlangoni kwenyewe. Anayesikia hodi na anayetengeneza cAMP ni kitu kimoja au viwili? Martin Rodbell, aliyefanya kazi Bethesda, alionyesha kwamba ni viwili, na katikati yao yuko wa tatu anayehitaji kemikali iitwayo GTP. Alfred Gilman, aliyekuwa mwanafunzi wa Theodore Rall kulekule Cleveland, akaja kuitoa na kuisafisha hiyo protini ya katikati. Inaitwa protini ya G. Homoni ikishika kipokezi, protini ya G inashika GTP na kuwaka. Baada ya muda mfupi yenyewe huikata GTP hiyo na kuzimika. Inajiwasha kwa amri na kujizima bila kuambiwa. Gilman na Rodbell walipewa Nobel mwaka 1994. Vipokezi vyenyewe, pamoja na cha adrenalini, viliwapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka tuzo hiyo mwaka 2012. Hesabuni wenyewe ni Nobel ngapi zimetokana na swali la namna ini linavyoambiwa litoe sukari.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hadithi inatufikia sisi.

Protini ya G ikishindwa kujizima inakuwaje? Hilo si swali la kubuni. Jambo hilo lilikuwa likiua watu Zanzibar mwaka 1869 na 1870, katika mlipuko wa kipindupindu ulioelezwa na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani humo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876 kuhusu kipindupindu katika Afrika Mashariki. Christie alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri kwa njia za misafara na majahazi. Asingeweza kujua ulivyoua, kwa kuwa cAMP ilikuwa bado miaka themanini na ushei mbele.

Bakteria wa kipindupindu haitafuni utumbo. Anatoa sumu, kama alivyothibitisha Sambhu Nath De huko Kolkata, India, mwaka 1959. Sumu hiyo huingia katika seli za utumbo na kuibandika protini ya G alama inayoizuia kuikata GTP. Inawaka na haizimiki. Utando unatengeneza cAMP bila kukoma, ingawa hakuna homoni iliyopiga hodi. Katika seli za utumbo amri ya cAMP ni kufungua njia ya kutoa chumvi, na chumvi inapotoka maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Macho yanaingia ndani, ngozi inakunjamana, na asipopata msaada anaweza kufa siku hiyohiyo kwa kukaukiwa maji, utumbo wake ukiwa hauna hata kidonda.

Lakini sumu haikuweza kuharibu kila kitu. Utumbo una njia nyingine ambayo sukari na chumvi hupitia pamoja kuingia ndani, na maji huzifuata. Njia hiyo haiguswi. Ukimpa mgonjwa maji matupu hayafai kitu, ukimpa chumvi peke yake haisaidii, ukichanganya chumvi na sukari kwa vipimo vyake mwili unanywa. Mwaka 1971, mwaka uleule Sutherland alipopewa Nobel, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa kambini Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingia. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wachanganye chumvi na sukari kwenye maji na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Kipindupindu hakijaondoka kwetu. Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, zote zimekiona tena na tena. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akianza kuharisha maji mfululizo, msisubiri. Chukueni pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari uliokwisha kupimwa, someni kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, changanyeni na maji safi, mmnyweshe kidogo kidogo, tena na tena hata akitapika, huku mkimpeleka kituo cha afya. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila kilima juu. Msizidishe chumvi.